Kibaiskeli cha kukanyagia ukiwa umekaa, miezi mitano na mzee wangu wa dayalisisi

Naandika hii kwa mnaouguza wagonjwa wa figo maana mi nilihangaika sana kupata maelezo yaliyonyooka. Mzee wangu ana miaka 67, presha ya muda mrefu ndo ilimuharibia figo, sasa hivi anasafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye kiti, akirudi ni kulala tu maana anakua hoi. Mapaja yakaisha mpaka suruali zikawa zinamvuka, kunyanyuka kwenye kochi lazima umshike mkono. Iliniuma, huyu mtu alikua anatembea kwa mguu Magomeni mpaka Kariakoo.

Sisi tulijua mgonjwa wa figo apumzike tu. Daktari ndo akatuambia hapana, lazima ajongee. Na mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya ugonjwa wa figo, unataja angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au kiasi kile moyo na nguvu zake zinaruhusu. Nikaenda Kariakoo nikachukua kibaiskeli, zile pedeli mbili kwenye fremu ya chuma bila siti, 85,000.

Kilichonifurahisha anakaa kwenye kiti chake cha kawaida anakanyaga huku anaangalia taarifa ya habari, akisikia kizunguzungu tayari amekaa haanguki. Tulianza dakika tatu asubuhi tatu jioni, siku ambazo haendi kusafisha, tena ugumu wa pedeli tumelegeza mpaka mwisho. Leo anapiga 15 mara mbili. Kipimo chetu ni kwamba aweze kubishana habari za Yanga huku anakanyaga, akianza kukata maneno kwa kuhema tunapunguza mwendo. Mwezi wa tatu akanyanyuka kwenye kochi mwenyewe, mama akabaki anamwangalia tu. Sitaki nidanganye mtu, figo haijapona na kriatinini (uchafu kwenye damu unaopimwa kujua hali ya figo) iko palepale, ila miguu imerudi na usingizi umerudi.

Mapungufu yapo. Kwenye tailizi kinateleza vibaya, tumeweka kapeti la mpira chini na mbele kimegota ukutani. Ukikanyaga zaidi ya dakika kumi pale katikati panapokazwa panapata moto, usiache watoto washike. Skrini inaandika kalori za ajabu, mi natumia saa ya simu. Na ile mikanda ya pedeli ni mifupi, mzee siku ya kabla ya kusafisha miguu inakua imevimba kwahiyo haifungi kabisa, fundi viatu alituongezea.

Muuzaji alisema unaweza kukiweka mezani ukazungusha kwa mikono. Jamani kama mgonjwa ana fistula ya mkononi, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu ipitie hapo kwenda kwenye mashine ya kusafisha, ulizeni kwanza! Ule mkono haufungwi mashine ya presha, haubebeshwi mizigo, sisi tumeuacha na kampira laini ka kuminya alichofundishwa na nesi kipindi fistula ni mpya ili mshipa ukomae. Siku amekosa kusafisha, ana homa, kifua kinabana au presha imepanda, kibaiskeli kinakaa pembeni hakuna mjadala.

Afu kuna hili la madafu. Kijana mmoja wa gym alimshauri mzee anywe dafu baada ya mazoezi arudishe maji, kwa mtu mwenye afya ni sawa, ila dafu lina potasiamu nyingi na figo iliyokufa haiitoi, ikijaa kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Na maji yenyewe mzee amepimiwa, akisikia kiu anasukutua mdomo au anamung'unya kipande kidogo cha barafu, nayo tunaihesabu kwenye maji yake ya siku. Goti likiuma msikimbilie diklofenaki wala brufeni, hasa nyie ambao figo bado inafanya kazi kidogo, hizo dawa zinaimalizia.

Nakipa nne kati ya tano, moja nimeitoa kwasababu ya mikanda. Mkienda kununua bebeni kiatu au kandambili ya mgonjwa mjaribishie palepale dukani, na mkae kwenye kiti mkanyage kwanza maana vya kwanza viwili nilivyoonyeshwa vilikua vinakwama.