Uzoefu wangu kampuni ya matangazo Dar: nilikatwa mshahara kwa kosa la bosi

Wakuu, nimekaa kimya muda mrefu, ila juzi kijana wa mtaani kwetu kanionyesha ofa ya kazi aliyopewa na hawa jamaa, ana furaha kweli, nikaona hapana, ngoja niseme. Jina silitaji. Ni kampuni ya matangazo, Mikocheni, inakua kwa kasi sana. Usiende. Ndo kauli yangu.

Nilipoingia tulikuwa saba. Mwaka haujaisha tukawa arobaini na kitu, ila viti ni vile vile. Foleni ya Mwenge ikikuchelewesha kidogo unakuta kiti chako kakalia mtu mpya, hujui kaajiriwa lini, na HR naye hajui, maana HR ni dada mmoja, huyo huyo analipa mishahara, huyo huyo anapokea wageni, huyo huyo anaagiza msosi wa mchana. Nimefanya kazi wiki nzima nimekalia boksi la karatasi. Nikavumilia. Kazi za wateja wote zinapita kwenye grupu moja la WhatsApp, za benki humo, za sabuni humo, saa sita usiku bosi anatupia voisi ya dakika nne anataka kitu kibadilike kabla hakujakucha, ukiamka unakuta meseji mia mbili na mtu mwingine kashakibadilisha kivyake.

Sasa lililonitoa machozi ni la maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Mteja alitaka mabango ya banda lake kule viwanjani Kilwa Road. Nikadizaini. Mteja akabadilisha namba ya simu, nikaweka mpya, nikatupia faili kwenye grupu, nimeliandika kabisa NAMBA MPYA kwa herufi kubwa. Bosi akajibu kidole gumba. Nikajua yameisha. Kumbe bosi alishamtumia mchapaji faili la siku mbili nyuma, kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Mabango yamekuja imebaki siku moja, tunayakunjua pale uani, wino bado unanuka, namba ya zamani imekaa katikati, tarakimu moja urefu wa mkono wangu. Miguu iliniisha nguvu.

Tukakesha Kariakoo kwa mchapaji tukichapa upya. Kulivyokucha kikao, hata kuoga sijaoga, bosi mbele ya watu wote, mpaka walioanza wiki ile ile, ananiambia: "Wewe ndo dizaina, hii hasara ni yako." Nikatoa simu nimuonyeshe kile kidole gumba chake. Akageuza uso. "Usinionyeshe simu. Mimi sifanyi kazi na watu wa kujitetea."

Mwisho wa mwezi meseji ya benki imeingia niko kwenye daladala ya Tegeta. Chini ya nusu ya mshahara. Nimeisoma mara tatu nikidhani ni makosa ya benki, na kodi ya nyumba ilikuwa wiki ile ile. Kesho yake nikamfuata HR. "Dada, hii ni nini?" Akafunga mlango kwanza. "Kaka yangu, mimi nimeambiwa tu nikate. Hata karatasi sijapewa."

Na karatasi ndo kila kitu, jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara lazima iwe kweli ni kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mimi sikupata hata kimoja. Nimekuja kuyasoma haya nimeshaacha kazi, na malalamiko kama haya unatakiwa uyafikishe CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, mimi zilishapita zamani.

Nisiwe mtu wa kusahau wema lakini. Kazi nimejifunzia pale, mambo ambayo kwingine ningesubiri miaka mitano nimeyashika kwa mwaka mmoja, na wenzangu walikuwa watu, tuligawana chipsi sahani moja saa nane usiku. Kwa hiyo kama bado unakaa kwa wazazi, huna kodi wala mtoto, labda nenda miezi sita uchukue ujuzi uondoke.

Hapana. Nafuta hiyo. Nimeiandika tu nikaisikia tena ile sauti yake, "watu wa kujitetea", mbele ya watoto wa juzi. Ujuzi gani huo unaununua kwa kudhalilishwa? Mdogo wangu, kama umeshasaini na huna namna, basi usiruhusu kitu kwenda kwa mchapaji kwa kidole gumba, mwambie akuandikie email, na mkataba uwe nao nyumbani kwako, mimi wangu niliambiwa "unaandaliwa" mpaka siku naondoka.

Yule dada wa mishahara simlaumu. Bosi, wewe unajijua, hela yangu bado unayo na naitaka.