Dalali wa namba aliyecheka kwenye simu

Nilikuja hapa nikiwa na nia ya kuwapa nyota mbili hawa dalali walioniuzia namba binafsi ya gari. Nimesoma tena barua pepe yao, imebaki moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Wenye magari ya kujiundia ya mtindo wa Lotus Seven hapa Uingereza wanajua kwa nini 57 inatafutwa. Lotus walilitoa gari hilo dogo la michezo mwaka 1957, na ukiitazama 57 kwa mbali unasoma S7. Namba ya herufi mbili, 57, kisha herufi tatu: nani asiyeitaka? Lakini 57 ni alama ya muda. Namba hizo zilitolewa kuanzia Septemba 2007 hadi Februari 2008, na DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, wana sheria isiyopindika: namba binafsi haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha ruksa. Kulirudisha ujanani, hapana.

Ndiyo maana niliwauliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Niliandika wazi: gari la kujiundia, chasisi mpya kutoka kwa mtengenezaji wa seti za sehemu za kujiundia, injini na giaboksi kutoka Mazda MX-5 ya 1997 iliyochinjwa, yaani iliyovunjwa kutolewa sehemu. Je, 57 itaingia? Jibu lilikuwa mstari mmoja: gari limeundwa juzi, kwa hiyo ni jipya, namba yoyote inaingia.

Si kweli. Haijawahi kuwa kweli. Na huyu anauza namba kutwa nzima!

Gari la kujiundia haliangaliwi limemalizika lini. Linaangaliwa limeundwa kwa nini. Kama sehemu zote ni mpya, au moja tu imefanyiwa ukarabati na kurudishwa kama mpya, unapewa namba ya kipindi hiki. Hapo 57 ingeingia bila neno. Kama chasisi ni mpya na sehemu kubwa mbili zimetoka kwenye gari lililochinjwa, unapewa namba inayolingana na umri wa gari hilo. Na kama huna ushahidi wa kutosha wa sehemu zilikotoka, unapigwa Q, yaani namba inayoanza na herufi hiyo. Q ndiyo kaburi la namba binafsi: haiondolewi kupisha namba nyingine, haihamishwi, haiwekwi akiba. Kwa hiyo risiti ya kila sehemu, kadi ya gari lililochinjwa na picha za kazi ikiendelea usizitupe, hata ile risiti iliyolowa oili.

Gari langu likapita IVA, ukaguzi wa gari moja moja kabla ya usajili, fomu za usajili V55/5 na V627/1 zikaenda kwa DVLA kule Swansea pamoja na £55, kadi ikarudi na namba inayoanza na R, ya 1997. Sawasawa kabisa, sina ugomvi nao. Nikaingiza V750, cheti cha haki ya kutumia ile 57, kwenye mfumo wa kuhamishia. Ikakataliwa papo hapo.

Nikapiga simu kwa dalali. Kijana aliyepokea akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha: "Sikiliza, rafiki yangu. Wewe mwenyewe hujui gari lako ni la mwaka gani, halafu unatulaumu sisi?" Akacheka. Nilimsomea jibu lao wenyewe, neno kwa neno. Akasema aliyeandika hayuko tena, na kwamba gari la kujiundia "ni mambo ya mafundi wa uani, si ya kwetu." Hilo la uani ndilo limenifikisha hapa. Pesa ningeisamehe.

Hapana, hata pesa siisamehi. Bei waliyoitangaza haikuwa na VAT ya asilimia 20, wala £80 ya DVLA. Vyote viliota ukurasa wa mwisho, wakati mtu ameshapenda. DVLA wenyewe wanauza namba kuanzia £250, kila kitu ndani. Ukitaka namba ambayo bado iko mikononi mwa DVLA, dalali wa nini?

Niwatendee haki kidogo. Cheti kilifika haraka, na dada wa kitengo chao cha pleti ndiye mtu pekee mle ndani anayejua kazi. Yeye ndiye aliyeniambia nisitafute namba tena kabla sijapima pua ya gari. Ni kweli. Herufi zina urefu wa milimita 79 na upana wa 50, nafasi kati yake 11, kati ya makundi mawili 33, na ukingo 11 kila upande. Piga hesabu: namba ya mtindo wa 57 inakula milimita 460 hata ukiikata kadiri sheria inavyoruhusu, na pleti ya kawaida ni 520. Ukiifunga mbele ya tundu la pua unaziba hewa ya rejeta, na kwenye foleni sindano ya joto itakuonyesha.

Namba isiyo na mwaka, herufi tatu na tarakimu moja, inatosha ndani ya 277. Tarakimu mbili, 338. Zile za Ireland ya Kaskazini zenye I au Z ndizo za bei nafuu katika kundi hili, na zinaingia gari la umri wowote isipokuwa la Q. Tena I na 1 zina upana wa 14 tu, kwa hiyo kila moja inakuokolea milimita 36. Kwenye pua ya Seven hizo ni nyingi.

Usidanganywe na wanaokutengenezea herufi ndogo za milimita 64. Hizo ni za pikipiki, na za magari yaliyoingizwa kutoka nje ambayo hayana nafasi ya pleti ya kawaida wala idhini ya Ulaya ya aina ya gari (type approval). Gari lililoundwa gereji ya Kent halimo. Faini inafika £1,000, MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, unaanguka, na namba yenyewe unaweza kunyang'anywa. Kubana nafasi ili herufi zisomeke kama jina, hukumu ni ile ile.

Nilinunua ya Ireland ya Kaskazini kwingine. Tarakimu 11 za kumbukumbu za V5C (kadi ya gari), namba ya cheti, dakika chache, kwisha. Bima niliwaambia siku hiyo hiyo. Ukisahau, kamera zitasoma gari lisilo na bima. Pleti nilirudi kumwagiza dada yule yule, ndiyo, kwa hao hao dalali, na imetoka safi: vipimo sawa, jina la mtengenezaji na alama ya BS AU 145e, kiwango cha Uingereza cha pleti, chini.

Basi nyota mbili, ya pili ni ya dada. Yule aliyecheka asidhani ni yake.

Ile 57 bado ninayo. Cheti kinadumu miaka 10, na kwa kuwa namba haijawahi kuwekwa kwenye gari ningeweza kuisalimisha DVLA na kudai £80 zangu. Sijafanya hivyo bado. Mwenye Seven ya sehemu mpya tupu, kadi yake iwe ya Septemba 2007 au baadaye, tuzungumze. Bei nitakayokutajia VAT haiongezwi.