TAHADHARI: Fundi wa "kompresa imekufa" anayewapiga wenye kampa hapa Mwanza

Wenye magari ya kulala, madereva wa watalii na yeyote mwenye gari lenye AC ya juu ya paa, someni hii. Kuna jamaa anazunguka Mwanza na viunga vyake, kuanzia kambi za kando ya ziwa mpaka njia ya kwenda Lamadi. Anajiita fundi wa AC, na hapohapo ana mashine "mpya" za kuuza. Ni tapeli. Anachofanya ni kukuaminisha kwamba kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa na mashine yako haitengenezeki, akuuzie ya kwake, kisha aondoke na yako kama skrapa. Hiyo yako ndiyo anayomuuzia mtu wa pili.

Jina lake siliweki hapa. Jalada liko polisi, na isitoshe kila aliyepigwa ananitajia jina lingine na namba nyingine ya simu. Mbinu zake ndizo hazibadiliki, kwa hiyo shikeni mbinu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Nyakato. Kampa si nyingi Mwanza, na zilizopo karibu zote zimepita mikononi mwangu. Kuna mama mmoja wa Pasiansi anakodisha ya kwake kwa wageni wanaoingia Serengeti kwa geti la Ndabaka na kutokea Ngorongoro. AC yake ni ya joto na baridi, mashine moja inafanya zote mbili. Watu hucheka wakisikia mtu wa Mwanza ana mashine ya joto kwenye gari. Waende wakalale ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, halafu waje tucheke wote.

Mashine ikaacha kupoza. Inaunguruma kidogo, inakata, inakaa kimya, inaunguruma tena. Mimi nilikuwa Geita kikazi. Kijana anayeosha magari akamletea mama "mtaalamu". Jamaa akapanda, akafungua kava, akafunga geji zake, akamwita mama kutoka juu kule: "Mama yangu, njoo usikie mwenyewe. Kompresa imejamu. Hii imekufa."

Mama akamuuliza kama haitengenezeki.

"Ningekuwa mwizi ningekula hela yako, niichezeechezee, ikufie porini na wageni ndani. Mimi nakwambia ukweli, mama."

Maneno hayo yashikeni, maana wote niliozungumza nao waliambiwa hivyohivyo. Halafu kinachofuata ni kwamba imebaki moja tu, imetoka Ulaya, ipo Dar, ikipakiwa kwenye basi leo kesho iko Mwanza, tanguliza nusu. Namba ya kutumia pesa ikaja na jina la mwanamke. Eti ni la mke wake, laini yake yeye imefungiwa. Mama akatoa milioni mbili na nusu kwa jumla, na mashine ya zamani jamaa akaibeba bure, "nikakusaidie kuitupa mama, ile gesi ni sumu."

Niliporudi nikapanda paani kuiangalia hiyo "mpya" aliyomfungia. Kava linanuka rangi ya kupuliza. Kile kibati cha maelezo kilichogandishwa ubavuni kimepigwa msasa mpaka kimekuwa cheupe, lakini jamaa hakukumbuka kwamba kompresa nayo ina stika yake. Nikaikuta ndani, imeshika vumbi: 115V, 60Hz. Mashine ya Marekani hiyo. Umeme wetu ni 230V, 50Hz, na gari la mama limefungwa kwa mfumo huohuo. Chini ya kitanda nikakuta amepachika transfoma, haina fyuzi, waya umepitishwa nyuma ya godoro.

Hapa pana watu wengi wanadanganyika, kwa hiyo nifafanue. Transfoma inashusha volti, Hz, yaani kasi ya mapigo ya umeme, haigusi. Mota iliyotengenezwa kwa 60Hz ukiilisha 50Hz inazunguka polepole, inavuta ampia nyingi kuliko ilivyopangiwa na inachemka. Itapoza leo na kesho, mama atafurahi, jamaa atapata muda wa kubadilisha laini. Na kwa kuwa magari mengi yaliyotumika tunayoagiza yanatoka Japani, kuna mtego mwingine wa aina hiyo: umeme wa nyumbani wa Japani ni 100V. Mashine iliyong'olewa kwenye kampa ya Kijapani nayo usiichomeke kwenye umeme wetu kwa sababu tu muuzaji amekwambia ni "orijino".

Kuna na habari ya tundu. Kampa nyingi za Ulaya zina tundu la paa la sentimeta 40 kwa 40. Mashine za Kimarekani zimetengenezwa kwa tundu la sentimeta 36 hivi. Kwa hiyo mpira wa kuzuia maji haukukaa mahali pake, na jamaa akajaza silikoni pembeni kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Mvua ya kwanza ikaingia mpaka kwenye makabati.

Sasa sikilizeni ya mashine ya zamani. Baadaye kijana mmoja wa Usagara akaniletea gari lake, analalamika amefungiwa AC mpya kutoka Ulaya na inapiga kelele. Nikafungua. Kwenye bolti za feni kuna mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Rangi hiyo naipaka mimi kila ninapokaza bolti, ili siku nyingine nijue kama imelegea. Ilikuwa ile ya mama wa Pasiansi, imepuliziwa rangi tu. Na kati ya mapezi ya koili, yale mabati membamba ambamo hewa hupita, mashine hiyo "mpya kutoka Ulaya" imejaa maiti za wadudu wa Ziwa Victoria.

Kitu pekee kilichobadilishwa ndani yake ni kapasita.

Kapasita ni kakopo kadogo, bei yake hata haikaribii sehemu ya kumi ya hela aliyotoa mama. Kazi yake ni kuisaidia kompresa ianze kuzunguka. Ikichoka, kompresa inaunguruma bila kuzunguka, inapata moto, kinga yake inakata, ikipoa inajaribu tena. Linganisheni na nilivyoeleza hapo juu. Jamaa alijua vizuri kabisa ugonjwa ni nini. Si fundi mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayekwambia mashine imekufa asiwe ndiye anayekuuzia nyingine. Lipa mtu mmoja akupimie, akupe majibu, aende zake. Kununua kuje baadaye na kwa mtu mwingine.

Na kupima kwenyewe si uganga. Anza chini kabla hujapanda juu. Ukiwa kambini umeunga umeme kwa ekstensheni ndefu nyembamba, weka tester kwenye soketi ndani ya gari, mwambie mtu awashe AC. Kama volti zinaporomoka hata chini ya 200 kompresa inapojaribu kuanza, mgonjwa ni waya. Nimeona watu wakiambiwa wabadilishe mashine nzima kumbe dawa ni kebo fupi na nene.

Kisha angalia koili. Sisi wa huku tunajua yale mawingu ya wadudu yanavyopanda kutoka ziwani kama moshi. Gari likilala ufukweni usiku na taa zinawaka, asubuhi koili imezibwa. Hewa haipiti, mashine inachemka na kukata. Ni kuzima umeme, kupiga brashi laini na maji ya presha ndogo, usikunje mapezi. Karacha, ile mashine ya presha ya kuoshea magari, haifai hapo, itakulazia mapezi yote.

Hapo ndipo sasa mtu apime kapasita kwa mita yenye alama ya µF na kulinganisha na namba iliyoandikwa kwenye kopo. Aitoe chaji kwanza, maana inapiga hata umeme ukiwa umezimwa. Mwisho kabisa ndiyo kompresa. Ina miguu mitatu, C (wa pamoja), S (wa kuanzia) na R (wa kuzungushia). Zima umeme, chomoa waya, pima ohm kati ya kila miwili. Kwa kompresa ya kawaida, namba mbili ndogo ukizijumlisha zinakupa ile kubwa. Za inveta, zile zinazobadilisha mwendo zenyewe, zote tatu zinalingana. Kutoka mguu wowote kwenda kwenye bodi ya kompresa, yaani chuma chake cha nje, tester isisome kitu. Ikisoma, waya wa ndani umegusa bodi, na hapo kweli imekufa.

Kuna mchezo mmoja ninaoomba muuangalie kwa macho mawili. Kompresa ikiwa na moto, kinga ya ndani huwa imejifungua. Ukipima muda huo, S na R zinasoma vizuri lakini C haisomi na yeyote. Jamaa anapenda kuja saa nane mchana, anaiwasha mpaka ikate, ndipo anamwita mwenye gari aone tester "haisomi". Mwambie asubiri. Iache ipoe kabisa, hata kama ni mpaka jioni, ipimwe tena. Atakayekataa kusubiri ameshajieleza.

Kwa wenye mashine za joto na baridi: kama baridi linatoka vizuri na joto halitoki, usikubali kabisa neno kompresa. Kompresa ni hiyohiyo. Tazama vali ya kugeuza njia ya gesi, na mara nyingi ni koili yake ndogo ya umeme tu iliyokatika. Pia nyingi hazitoi joto la maana nje kukiwa na baridi kali, zimetengenezwa hivyo.

Sasa gesi. AC nyingi za paani huzibwa njia ya gesi moja kwa moja kiwandani, hazina hata mdomo wa kujazia. Gesi haiishi kama dizeli. Ikipungua kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia siku chache za baridi. Jamaa hutoboa bomba na kufunga vali ya kubana ili apate kuweka geji, na tangu hapo hata mashine iliyokuwa nzima inaanza kuvuja. Fundi wa kweli anasoma kwenye kibati aina ya gesi na gramu, anavuta hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha anajaza kwa mizani. Asiye na mizani asiguse. Gesi ya R-410A ina presha ya juu kuliko ya R-22 kwa karibu asilimia 60, huwezi kuzichanganya kwa kukisia kwa sindano ya geji.

Na mitungi ya bei ya kutupa iogopeni kwelikweli. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka huko Vietnam na Brazil, mafundi wakafa, kwa sababu ya gesi ya R-134a feki iliyochanganywa na kemikali inayoitwa R-40. Kemikali hiyo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Na koili za AC za paani nyingi zina aluminiamu.

Sisemi kila mashine itengenezwe. Kompresa ikiwa imegusa bodi, au imegoma kabisa hata baada ya kuwekewa kapasita nzima na umeme wa kutosha, badilisha. Koili ya aluminiamu inayovuja sehemu mbili tatu, badilisha, kuichomelea ni kupoteza hela, na zile kokoto za Serengeti zitaifungua tena. Kama inatumia R-22 na imevuja yote, mimi ningebadilisha, maana chini ya Itifaki ya Montreal, makubaliano ya nchi ya kulinda tabaka la ozoni, gesi hiyo inaondolewa sokoni, na kwa nchi zinazoendelea mwaka ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Na matengenezo yakifika nusu ya bei ya mpya kwa mashine ya miaka kumi na zaidi, sina ubishi. Lakini feni, kapasita, kadi ya umeme, sensa, koili ya vali? Tengeneza.

Ukinunua, soma kibati kabla ya kutoa hata shilingi: 230V, 50Hz, aina ya gesi, namba ya mashine. Kibati kikiwa kimefutwa, ondoka, hata bei iwe ya zawadi. Angalia vichwa vya bolti kama vina makovu ya spana. Ingiza tochi kati ya mapezi. Dai risiti ya EFD na uihakiki kwenye tovuti ya TRA hapohapo. Pesa iende kwenye jina la biashara iliyo kwenye risiti, si kwa mke, si kwa shemeji. Na mashine yako ya zamani usiiache iondoke. Hata ikiwa imekufa, feni na kadi zake ni vipuri.

Waliokwisha kufungiwa na huyu bwana: zimeni mashine, msilale nayo ikiwaka na ile transfoma chini ya godoro. Msifute meseji wala muamala wa simu. Pigeni picha ya stika ya ndani ya kompresa, mwende kituoni mkafungue jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu na mpewe RB, namba ya jalada lenu. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya bidhaa feki. Mama wa Pasiansi na yule kijana wa Usagara wameshaandikisha maelezo, kila jalada linaloongezeka linasaidia.

Mara ya mwisho ameonekana upande wa Kisesa, na Noah ya kijivu, ngazi imefungwa juu. Juu ya ngazi kulikuwa na AC mbili za paani zimefunikwa turubai. Kama wewe umetoa yako hivi karibuni, nitafute nikwambie pa kwenda kuitambua.