Vitabu vya tafakari kwenye meza za mitumba Dar: kipi kinafika ukurasa wa mwisho

Meza za vitabu vya mitumba za Posta, Kariakoo na Mwenge zina rundo moja lisilokosa watu: vitabu vya Kikristo vya kutia moyo, vikiwa vimechanganyika na vile vya kujijenga na kutafuta mafanikio. Tathmini hii ni ya rundo hilo tu. Tunapima mambo matatu. Je, nakala ni nzima? Je, mpangilio wake unamfaa mtu anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri na kurudi usiku? Na je, aya za Biblia zilizonukuliwa zinasimama ukizifungua kwenye Biblia yako mwenyewe? Jina kubwa la mwandishi hatulipimi, maana ndilo linalouza vitabu vinavyoishia sura ya pili.

Kagua nakala kabla ya kuuliza bei. Ukishataja bei, macho hulegea. Vitabu huchapwa kwa vitita, mara nyingi vya kurasa 16 au 32, ambavyo hukunjwa kisha kushonwa au kubandikwa kwa gundi mgongoni. Kosa la kiwandani huondoa kitita kizima, au hurudia kitita kimoja mara mbili. Kwenye kitabu cha tafakari chenye ukurasa mmoja kwa siku, kitita kimoja cha kurasa 16 ni zaidi ya nusu ya mwezi. Kwa hiyo pitisha kidole gumba pembeni, ukifuata namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Muuzaji hatachukia, wamezoea. Halafu tazama mgongo kwa juu: ukiona mikunjo midogo midogo iliyopangana, kimeshonwa na kitavumilia kufunguliwa kila siku kwa mwaka mzima. Ukiona karatasi zimekatwa zikalingana, ni gundi tupu. Kikunjue katikati polepole usikilize. Kikilia kama kijiti kinachovunjika, gundi imekauka na kurasa zitaanza kuchomoka.

Unyevu wa Dar ni adui mwingine. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, karatasi hunyonya maji hewani na ukungu huota. Madoa ya kahawia ya uzee hayana neno. Ogopa yale ya kijivu au meusi yenye manyoya na harufu ya kabati lililofungwa, maana yatahamia vitabu vingine nyumbani. Kitabu kilicholowa kidogo kisimamishwe wazi kivulini mbele ya feni; jua kali hukunja jalada na kuua gundi. Ukurasa uliochomoka urudishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba tu uliopakwa kwa kijiti, kisha kitabu kilale chini ya kitu kizito usiku kucha. Supagluu usiitumie: hukauka kama kioo na kupasuka mara ya kwanza unapofungua.

Kuna pia nakala za kurudufu, na ni nyingi. Utazijua kwa herufi za kijivu, mistari iliyoinama na picha ya jalada iliyofifia. Mbali na kwamba mwenye kazi hakulipwa, zina hasara ya moja kwa moja kwa msomaji: anayerudufu hupunguza gharama kwa kuacha kurasa za nyuma. Kitabu kinachoumia zaidi kwa hilo ni The Purpose Driven Life cha Rick Warren, aliyekuwa mchungaji California.

Kilitoka 2002 na kina sura 40, moja kwa siku, kila moja ikiishia na wazo la kutafakari, aya ya kukariri na swali. Warren ananukuu Biblia kutoka tafsiri 15 za Kiingereza, na kwa nukuu nyingi za ndani ya sura hakuandika kitabu, sura wala mstari. Vyote viko mwishoni, kwenye maelezo. Nakala isiyo na kurasa hizo inakuachia mamia ya nukuu usizoweza kuzihakiki. Na kuzihakiki ni lazima, kwa sababu baadhi ya tafsiri hizo ni fafanuzi huru, na mara nyingine ananukuu nusu ya mstari. Fungua kwanza nyuma. Kama maelezo hayapo, rudisha mezani hata kama bei ni ya kutupa.

Nakala nzima ina thamani. Lugha ni nyepesi, mtu wa kidato cha nne anaipata. Sura moja humalizika kwa robo saa. Siku 40 ni muda ambao mtu mwenye shughuli anaweza kuuona mwisho wake, na hapo ndipo kinapovishinda vitabu vya mwaka mzima. Kinapoharibika ni pale msomaji anapokinywa kwa siku tatu kama riwaya na kuruka maswali. Swali la kila sura lijibiwe kwa kalamu, sentensi moja au mbili kwenye daftari la shule. Asiyeandika humaliza kitabu akiwa na hisia nzuri na asijue amebadili nini. Toleo lililopanuliwa la 2012 limeongezewa sura mbili, lakini si sababu ya kulipa zaidi.

My Utmost for His Highest cha Oswald Chambers ndicho kitabu bora kwenye rundo hili, na ndicho kinachoachwa njiani zaidi. Sababu zote mbili zinatokana na jinsi kilivyozaliwa. Chambers, Mskoti, alifariki Kairo Novemba 1917 akiwa na miaka 43, alikokuwa akiwahudumia askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkewe, Gertrude, aliyejulikana kama Biddy, alikuwa stadi wa hati mkato na alikuwa ameandika mahubiri na mihadhara yake, ya chuo cha Biblia Clapham, London, na ya kambi ya Zeitoun nchini Misri. Kutoka kwenye daftari hizo alikata vipande vya siku na kuvitoa kama kitabu mwaka 1927. Ndiyo maana kila ukurasa ni mhadhara uliokamuliwa: hakuna hadithi wala utangulizi, na sentensi ya tatu inaweza kukukemea kabla hujakaa sawa. Anayetafuta maneno laini atajiuliza kama amepewa kitabu sahihi. Faraja ya Chambers ni ya mkono mgumu.

Kwa hiyo kisomwe mara mbili kwa siku, dakika tano asubuhi na tano usiku, ukurasa uleule. Mara ya kwanza utashika nusu. Ukurasa mmoja unatosha daladala ya kutoka Tegeta hadi Mwenge, hata ukiwa umesimama, ilimradi mkono mmoja uko huru. Ukurasa wa 1 Januari umejengwa juu ya Wafilipi 1:20. Usome hapohapo mezani kama kipimo. Ukiona Kiingereza kimekushinda, tafuta jina la James Reimann kwenye kurasa za mwanzo: huyo alilihariri toleo la 1992 kwa Kiingereza cha leo, na kwa wasomaji wengi wa hapa ndilo la kununua. Tarehe zote zimo, hata 29 Februari, na hazijafungwa na mwaka wowote, hivyo nakala ya miaka thelathini iliyopita inafaa sawa na mpya. Mtu aliyepoteza mpendwa juzi usimpe.

Huyo mpe Streams in the Desert cha Lettie Cowman, cha 1925. Mwandishi alikuwa mmisionari Japani pamoja na mumewe Charles, ambaye moyo ulimsumbua kwa miaka hadi akafariki 1924. Kitabu kimetokana na alivyokuwa akisoma wakati anamuuguza, vipande vya mahubiri na mashairi ya watu wengine, na jina linatoka Isaya 35:6. Kwa anayelala wodini Muhimbili kumtazama mgonjwa, hakuna kinachokifikia kwenye meza hizi. Mashairi ni ya Kiingereza cha zamani, yakikuchosha, yaruke.

Upande wa kujijenga, uwe na macho. Wauzaji hupanga kila kitu pamoja, na si kosa lao. How to Win Friends and Influence People cha Dale Carnegie, 1936, ni kitabu cha namna ya kuishi na watu. Hakidai kuwa ibada, na kwa mfanyabiashara au kiongozi wa kwaya kina msaada wa kweli. Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, 1937, ni jambo jingine: kinazungumzia imani na hata sala, lakini imani hiyo ni ya mtu kuamini wazo lake mwenyewe, na badala ya Mungu wa Biblia kuna kitu anachokiita akili isiyo na kikomo. Kisome ukijua hivyo, au kiache.

The Power of Positive Thinking cha Norman Vincent Peale, 1952, kimekaa katikati. Peale alikuwa mchungaji New York, na dawa anayoiandika tena na tena ni kurudia aya kwa sauti, hasa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Kwa mtu anayeogopa usaili wa kazi, zoezi hilo hutuliza kweli. Tatizo linakuja aya inapokatwa na jirani zake. Mstari wa 12 Paulo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anayoyaweza, basi, ni pamoja na kukosa. Msomaji asiyeujua mstari huo akikosa kazi hudhani hakuamini vya kutosha, na kitabu kilichomwinua Jumatatu kinamwangusha Ijumaa. Hali ni hiyohiyo kwa Yeremia 29:11, aya inayopambwa kwenye vitabu vingi vya mafanikio: mstari wa 10 unasema miaka sabini ya Babeli ipite kwanza.

Kanuni yetu kwa kila kitabu cha aina hii: soma aya kwenye Biblia yako pamoja na mistari kumi kabla na kumi baada. Biblia ya Union ya 1952 ndiyo wengi waliyokariri. Biblia Habari Njema ina Kiswahili chepesi zaidi na inafaa kuwekwa kando yake aya inapokuwa ngumu. Hatua hiyo huchukua dakika tatu.

Vijitabu vya wahubiri wetu, vya kurasa 60 hadi 120, vingine vimebanwa kwa pini mbili tu, vina kitu ambacho Wamarekani hawana: vinajua marejesho ya kikoba, kodi ya nyumba ya miezi sita na wakwe. Ila vingi havikupita kwa mhariri, na marejeo ya Biblia yameandikwa kwa kukumbuka. Chagua aya tatu, ya mwanzoni, ya katikati na ya mwishoni, uzitafute kwenye simu kabla ya kulipa. Mbili zikikosea, acha. Kama ushauri wote unaishia kwenye kupanda mbegu, na ukurasa wa mwisho una namba ya kutumia pesa, umeshika tangazo la mchango.

Utakuta pia vitabu vya zamani vya Kikatoliki kutoka Ndanda na Peramiho, vizuri kwa karatasi na kwa Kiswahili. Vile vilivyofuata Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, vina hesabu tofauti ya Zaburi: ukisoma "Zab 22" na maneno ni ya Bwana ndiye mchungaji wangu, hawajakosea. Kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 146 namba nyingi hupishana kwa moja na zile za Union, hivyo ongeza moja.

Vijitabu vya masomo ya misa vya miaka iliyopita huuzwa kama takataka, na si takataka. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Cha 2023 ni mwaka A, na 2026 ni mwaka A tena. Siku za kawaida za juma, katika kipindi cha kawaida, Injili ni ileile kila mwaka, na somo la kwanza ndilo hupokezana kati ya mwaka witiri na shufwa. Usifuate tarehe iliyochapwa, fuata jina la juma, kwa kuwa Pasaka huhama: 2025 ilikuwa 20 Aprili, 2026 ni 5 Aprili, na Kwaresima yote husogea nayo.

Swali la kwanza kwa muuzaji basi liwe, "Kaka, hiki kina tarehe au kina namba?" Cha namba, yaani siku ya 1, siku ya 2, kinamfaa anayeanza. Cha tarehe humvunja moyo: akikosa siku nne anaona deni, anajaribu kusoma kurasa tano usiku mmoja, wiki inayofuata amekiacha. Mwenye cha tarehe asilipe deni, afungue ukurasa wa leo. Mwenye cha namba aandike tarehe kwa penseli juu ya kila siku aliyosoma.

Kwa anayeanza kabisa tungeanza na Warren nakala nzima, kisha Chambers wa Reimann baada ya siku 40. Cowman akae nyumbani tayari kwa siku ya msiba. Peale anunuliwe na mwenye Biblia mkononi. Na tumia penseli, si peni: uliza kama muuzaji anapokea kitabu kilichosomwa kwa kuongezewa kidogo upate kingine, na Warren aliyefutika vizuri hubadilishwa kwa urahisi kuliko aliyejaa wino.