Ferodo DS2500 kwenye Impreza: zinavumilia traki au zinaishia barabarani?

Wadau, habari zenu, karibuni tena gereji. Mezani leo kuna boksi la pedi za mbele, Ferodo DS2500, na chupa ya nusu lita ya mafuta ya breki, Motul RBF 600. Gari ni lile lile mnalolijua: Impreza WRX, gia za mkono, kalipa za mbele (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni nne, diski za milimita 294. Tangu niweke ile video ya Athi River, swali ni lile lile kila siku: "Boss, nikienda traki niweke pedi gani?" Nitalijibu. Lakini wenye haraka mtanisamehe, kwa sababu jibu langu linapitia kwenye ile chupa kabla ya kufika kwenye boksi.

Tuanze na joto lenyewe. Breki haina kazi nyingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,500, dereva akiwa ndani. Linaingia kona likitoka kilomita 160 kwa saa, unakanyaga mpaka 60. Nishati uliyoimwaga hapo ni kama megajuli 1.27. Hiyo inatosha kuchemsha karibu lita nne za maji ya chai, kutoka baridi mpaka yatokote, na wewe umeimwaga kwa sekunde tatu hivi. Breki za mbele zinabeba kama asilimia 70 ya mzigo huo. Tukichukulia kila diski ya mbele ina kilo 7, inapanda karibu nyuzi 130 kwa kukanyaga mara moja tu. Kusimama kwenye taa pale mjini kutoka 60 ni moja ya sita ya hiyo kazi. Ndiyo maana gari linaweza kukupeleka kazini mwaka mzima bila neno, halafu likuaibishe mzunguko wa nne.

Na hizo nyuzi 130 zinajumlishwa. Kama baada ya kona kuna njia ndefu iliyonyooka, diski inapata upepo na kushuka. Kwenye traki fupi kama Whistling Morans ya Athi River, kona zinafuatana. Mwendo si mkubwa sana, lakini kabla diski haijapumua umeshaikanyaga tena. Kwa hiyo usinipigie hesabu ya mwendo wa juu peke yake. Niulize breki zinapumzika sekunde ngapi.

Halafu kuna jambo ambalo video nyingi za Ulaya haziwezi kukuambia. Sisi tuko juu. Kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na hewa ndiyo inayopoza diski. Hata busta ya breki, ile inayoongezea mguu wako nguvu, inafanya kazi kwa msukumo wa hewa ya nje, kwa hiyo huku inakusaidia kidogo kuliko pwani. Si tofauti ya kuogopesha, ila mtu akikuambia "mimi natumia pedi hizi Dubai Autodrome na ziko sawa", mwambie asante, halafu fanya hesabu yako.

Sasa sikilizeni hapa, maana watu wengi wananunua dawa ya ugonjwa ambao hawana. Breki zinakufa kwa joto kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ya kwanza: unakanyaga, pedali iko juu, iko ngumu, unasukuma kwa nguvu zote, lakini gari linaendelea tu kama halijakusikia. Hapo pedi ndiyo iliyoshindwa. Gundi inayoshikilia ule mchanganyiko imeanza kuungua, msuguano umeshuka. Ya pili: unakanyaga na pedali inazama. Inakuwa laini, pengine inagusa sakafu, unapampu mara mbili tatu ndipo inarudi. Hayo ni mafuta yamechemka. Mvuke umeingia kwenye mfumo, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ukiweka pedi ya bei mbaya kwenye gari lenye ugonjwa wa pili, umezidisha tatizo, kwa sababu pedi inayovumilia joto inakuruhusu kuendelea kulikusanya mpaka liingie kwenye kalipa.

Kwenye gari langu, kabla ya haya yote, ugonjwa ulikuwa wa pili. Fundi wangu, mzee wa makamo ambaye hana habari na mambo ya traki, alifungua skrubu ya kutolea upepo, akaangalia yale mafuta kwenye mpira mweupe, akasema, "Kijana, haya ni chai ya rangi." Na kweli yalikuwa kahawia.

Mafuta ya breki yana madaraja, yanaandikwa DOT na namba. Ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yafike angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Lakini yananyonya unyevu wa hewani, ndiyo tabia yake, na yakifikisha maji asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. DOT 3 iko chini zaidi: 205 ikiwa mpya, 140 ikishanyonya. Mlioko Mombasa, Tanga, Dar, mnajua unyevu wa huko, yenu yanachoka mapema. Hii RBF 600 ikiwa mpya inafika 312, na hata ikishanyonya maji bado inapita 200. Kuna Castrol SRF, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba ikishanyonya inabaki karibu 270, lakini bei yake ni ya mtu asiyelipa karo. Kwa wengi wetu RBF 600 au nyingine ya daraja hilo inatosha, mradi ubadilishe mara kwa mara. Chupa ukishaifungua usiiweke kabatini miezi sita halafu uje kuitumia. Na DOT 5, ile ya silikoni, usichanganye na hizi. DOT 5.1 ni kitu kingine kabisa licha ya jina.

Haya, tufungue boksi. Ukiishika DS2500 utaona pedi imekatwa mfereji katikati, na uso wake ni wa kijivu chenye chembechembe zinazong'aa kwenye mwanga. Ferodo wenyewe wanaitaja kuwa na msuguano wa wastani wa 0.42 na kufanya kazi mpaka nyuzi 500. Pia wanasema wazi kwamba haijaidhinishwa kwa barabara za kawaida kule Ulaya. Yenye kibali cha R90, kile cha pedi za barabarani, ni ndugu yake, DS Performance. Msije mkasema sikuwaambia.

Kwa nini sikukimbilia zile herufi mbili zinazochapwa ubavuni mwa pedi? Mmeziona: FF, GF, GG. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ni kitu kizuri kukitazama ukiwa Grogan, kwenye maduka ya spea Nairobi, unachagua pedi ya gari la familia, kwa sababu EE na GG si mtu na ndugu yake. Lakini kipimo hicho kinaishia kama nyuzi 343. Traki inaanzia hapo. GG haikuambii chochote kuhusu nyuzi 550, na muuzaji anayekuambia "hii ni GG, ni ya racing" hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Kinachosaidia ni kujua diski yako inafika wapi, na hilo linapimwa kwa rangi. Kuna rangi za kupaka kwenye ukingo wa diski, hizi za AP Racing ndizo ninazo: kijani inabadilika kuwa nyeupe ikifika nyuzi 430, machungwa 560, nyekundu 610. Unapaka mistari mitatu midogo, unaacha ikauke, unaenda kuendesha. Haina betri, haina programu, haidanganyi. Sogeza kamera hapa kwenye diski ya kushoto... mnaona? Kijani yote imekwenda, imebaki kama chokaa. Machungwa imepauka upande wa nje na bado ina rangi upande wa ndani. Nyekundu haijaguswa. Maana yake diski hii imecheza karibu na 560 lakini haijafika 610. Diski za nyuma hata kijani haijabadilika.

Kwa hiyo nimeipitisha DS2500 juu kidogo ya kile ambacho mwenye kiwanda anaitaja. Imefanyaje? Mizunguko ya mwanzo ni tamu. Hii ndiyo sifa ninayoipenda zaidi: inashika tangu ikiwa baridi. Asubuhi ukitoka nyumbani inasimama kama pedi ya kawaida, hakuna ule mshtuko wa pedi za mbio tupu ambazo zikiwa baridi zinakupeleka kwenye bampa la matatu. Na mguu unaipima vizuri. Ukiongeza kidogo inaongeza kidogo, kwa hiyo ukiingia kona huku unaachia breki taratibu, pua ya gari inakusikiliza.

Baadaye, joto likishajaa, pedali inabaki juu, shukrani kwa yale mafuta, lakini unaanza kukanyaga kwa nguvu zaidi kupata kile kile. Haifi ghafla. Inakuaga kwa heshima. Ukipunguza kasi mizunguko miwili inarudi. Baada ya kutoa pedi nilikuta ukingo wake wa juu umepauka kama majivu, upana wa ukucha hivi. Hiyo ndiyo gundi iliyoungua, na ni kawaida kwa matumizi haya, ila ukikuta weupe umeshuka mpaka nusu ya pedi, au inamegeka kwenye kona zake, tupa.

Mabaya yake: vumbi. Rimu zako nyeupe zitakuwa za kijivu kabla wiki haijaisha. Na inapiga kelele mwendo mdogo, hasa asubuhi ukirudi nyuma kutoka kwenye geti. Jirani yangu ameshazoea, wako sijui. Bei pia ni mara kadhaa ya pedi ya kawaida, na traki inazila. Zikifika nusu ya unene usizipeleke tena, kwa sababu pedi nyembamba inapitisha joto moja kwa moja kwenye pistoni na mafuta. Nusu iliyobaki itumie mjini.

Kuzizoesha ni lazima. Tafuta barabara tupu na salama, toka 100 mpaka 30, mara kama kumi, ukianza kwa upole na kuongeza nguvu, bila kusimama kabisa. Kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Lengo ni kupaka utando mwembamba wa pedi kwenye diski, sawasawa kote. Ukisimama na breki za moto huku mguu uko juu ya pedali, pedi inaacha alama yake pale pale, na kuanzia hapo usukani unatetemeka ukishika breki. Mafundi wanakuambia diski imepinda, wanaipeleka kuchongwa. Mara nyingi diski haijapinda, imechafuliwa. Kwa sababu hiyo hiyo ukirudi kutoka kuendesha kwa nguvu, zungusha mzunguko mmoja mzima taratibu, halafu ukiegesha usivute breki ya mkono. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi.

Diski zenye matundu? Nzuri kwa picha. Nyufa zinaanzia kwenye matundu. Diski ya kawaida yenye njia za hewa katikati inatosha, au yenye mistari kama unataka urembo. Mipira ya kupeleka hewa kutoka kwenye nafasi ya taa za ukungu inasaidia sana, ila hewa ielekee katikati ya diski, kwenye kitovu, ili inyonywe na kutokea pembeni. Ukiipuliza upande mmoja tu unapoza uso mmoja.

Sasa nani anunue? Kama gari lako ni WRX, Swift Sport, Golf au kitu cha uzito huo, unaliendesha kila siku na unaenda traki mara moja moja, DS2500 na mafuta ya daraja hili ni chaguo langu, na sitafuti lingine. Kama rangi yako nyekundu ya 610 imebadilika, hii si yako. Nenda DS1.11, iliyotengenezwa kwa mbio ndefu, na ukubali kelele, vumbi na diski kuliwa. Wale wa kuniuliza kuhusu Forester otomatiki yenye watu watano mnaoshuka mteremko wa Mai Mahiu, na ndugu zangu wa mteremko wa Kitonga kule Tanzania: msinunue chochote hapa mezani. Shusheni gia, badilisheni mafuta ya breki.

Wenye kalipa za Brembo za STI, diski zenu ni 326 na zina chuma zaidi, kwa hiyo mtachelewa kufika joto hili. Pakeni rangi kwanza, kisha niandikieni gari, uzito, na ni mstari upi umebadilika.