Viatu vya mtoto anayesimama dede: vya kununua na vya kuacha mezani

Mtoto akianza kusimama dede, viatu humiminika. Shangazi analeta vinavyong'aa, jirani analeta vya taa, bibi analeta buti lenye soli nene kama mche wa sabuni. Karibu vyote vimeshonwa kumridhisha anayelipa. Mvaaji ana haja mbili tu: aihisi ardhi chini ya unyayo, na vidole vipate nafasi ya kujitandaza anapoyumba. Kwa kipimo hicho hapa tunapitia aina zilizojaa jijini Dar es Salaam: Kariakoo, kwa machinga wa kando ya barabara na kwenye mitumba ya Karume.

Ndani ya nyumba hakuna kiatu kinachoushinda mguu mtupu. Anayejifunza kutembea huishika sakafu kwa vidole, na unyayo ndio unaompa habari kwamba ameegemea mbele mno au nyuma mno. Kumvika soli nene kwenye vigae ni kumtia pamba masikioni kisha ukamwambia asikilize. Wazazi wengi huona unyayo uko bapa wakaingiwa na hofu. Umri huo lipo tabaka la mafuta linaloficha upinde wa mguu, na upinde wenyewe huendelea kujitokeza hadi miaka 5 au 6. "Viatu vya kunyoosha miguu" kwa ajili ya nyayo bapa za mtoto mdogo, au kwa matege ya kawaida ya kabla ya miaka 2, ni hela ya bure. (Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda akapewa kifaa cha Steenbeek, kile kilichobuniwa Uganda cha viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, yuko kwenye matibabu. Huyo afuate maagizo ya daktari na saa zake za kuvaa zisipunguzwe.)

Nje mambo hubadilika. Kuna vipande vya chupa, misumari, mchanga wa saa nane mchana, funza, na minyoo ya safura inayopenya ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo wenye kinyesi. Kwa hiyo kiatu cha kwanza kinunuliwe mtoto anapopiga hatua kadhaa bila kushikwa na kuanza kudai kutoka, si siku anapokata keki ya mwaka mmoja. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Akipita hapo bado, aende kliniki. Dukani hakuna dawa ya hilo.

Namba: hapa ndipo hela nyingi hupotea

"Chukua kubwa mama, atakulia humo." Muuzaji hana kosa, anajua mteja anataka kusikia nini. Lakini kiatu kikizidi, mtoto hukunja vidole ili kisichomoke, hunyanyua magoti kama anayevuka dimbwi, na pua ya kiatu hujikwaa kila hatua ya tatu. Kikibana, vidole hujikunja ndani na huwezi kujua, kwa sababu mguu wa umri huo ni laini na mara nyingi mtoto halii.

Mpime jioni, maana joto la mchana huvimbisha miguu. Weka karatasi sakafuni iguse ukuta, msimamishe juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta, mtu mwingine amshike kiunoni. Asikae, kwa kuwa mguu uliobeba uzito hurefuka. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba), kisha chora mguu mzima kuuzunguka, kalamu ikiwa wima. Fanya hivyo miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa.

Urefu huo uongeze sentimita 1.2, yaani kama unene wa kidole chako kidogo. Ukizidisha jibu kwa 1.5 unapata namba ya Ulaya, ambayo ndiyo inayoandikwa kwenye viatu vingi vya China pia. Mguu wa sentimita 12 ukiongeza 1.2 ni 13.2, na mara 1.5 ni 19.8: namba 20. Mguu wa 12.7 unaangukia 21. Tatizo ni kwamba namba 20 ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile huweza kupishana hata nusu sentimita. Basi kata ukanda mwembamba wa boksi wenye urefu wa mguu wa mtoto wako pamoja na ile 1.2 (kwa mfano wetu, sentimita 13.2), uende nao sokoni. Uingize ndani ya kiatu: uguse kisigino na pua bila kujikunja wala kucheza. Kata pia ule mchoro wa mguu kwa mkasi na uulaze ndani kama soli ya ndani. Kingo zikipanda ukutani mwa kiatu, hicho ni chembamba, hata kama urefu uko sawa. Vipande hivi viwili vinakuepusha kumbeba mtoto kwenye msongamano wa Kariakoo, ila kabla hujalipa kubalianeni kwamba kisipomtosha kinabadilishwa.

Kiatu kikishika kipimo, kikunje. Kinatakiwa kukunjika mahali vidole vinapokunjika, theluthi ya mbele. Kikikunjika katikati kama daftari, hakimsaidii, na kisipokunjika kwa vidole viwili vya mkono wako, miguu ya mtoto wa kilo 10 haitakiweza. Kisha kinuse. Harufu kali ya petroli inayokaa puani ni dalili ya gundi au plastiki duni, na soli ya ndani ya namna hiyo ikilowa jasho huweza kutoa rangi kwenye soksi.

Aina moja moja

Viatu vya ngozi laini, vile visivyo na soli ngumu na vyenye mpira wa kukaza kifundoni, ndivyo vyema kuliko vyote kwa wiki za mwanzo: barazani, uani pakavu, kanisani, au msikitini kabla ya kuvuliwa. Mtoto hutembea humo karibu sawa na akiwa peku. Udhaifu wake ni maji, na soli yake ikishalainika kwa kusuguliwa huteleza kwenye vigae. Vingi vinavyouzwa kama ngozi si ngozi. Tazama palipokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, bandia huonyesha kitambaa chenye utando wa plastiki juu, na utando huo hupasuka kwenye mkunjo. Chunguza pia ule mpira. Ukivua kiatu, alama nyekundu kifundoni iwe imepotea ndani ya dakika 15 hivi. Isipopotea, mpira unabana.

Kwa kutembea nje, mshindi wetu ni raba ya turubai yenye soli nyembamba ya mpira na velkro. Ni nyepesi, hupitisha hewa, hufuliwa. Chagua ambayo mdomo wake hufunguka hadi karibu na vidole, maana mguu wa mtoto ni mnene juu na haupiti kwenye tundu dogo. Kasoro yake iko puani. Mtoto wa umri huu anatembea na bado anatambaa, na kila akitambaa anaburuta pua za viatu chini, gundi inaachia. Tafuta yenye ngao ya mpira mbele. Vilevile kabla hajavivaa hata mara moja, mpelekee fundi viatu avizungushie uzi, na ukivichukua pitisha kidole ndani kutafuta fundo, kwa kuwa fundo moja la uzi chini ya kidole gumba linatosha kuleta lengelenge na chuki ya viatu ya wiki nzima. Velkro nayo hujaa nywele na nyasi ikaacha kushika. Ichokonoe kwa sindano na itashika tena.

Viatu vinavyolia tunavipa alama ya chini, ingawa wanaovipenda ni wengi. Kisiginoni kuna kifuko cha hewa na kipenga kidogo cha plastiki, na ili kipate nafasi, kisigino kimenyanyuliwa na kunenepeshwa. Mtoto hugundua siri upesi: akikita kisigino, kinalia. Basi anaacha kutembea, anapiga kwata. Siku maji yakiingia upande mmoja, kiatu hicho kinakuwa bubu na yeye anaukita mguu huo kwa nguvu zaidi akitafuta sauti. Ni kweli mama aliye jikoni husikia mtoto alipo, hiyo faida ipo. Lakini kipenga kikichomoka ni kitu cha kumkaba koo. Vya taa vina hatari kubwa zaidi: ndani ya baadhi yake mna betri ya kitufe (ndogo, bapa kama kifungo), nayo ikimezwa huunguza koromeo ndani ya saa mbili. Soli ikianza kuachia kwenye kiatu cha taa, usibandike. Kitupe pasipofikika na mtoto.

Yeboyebo na kroksi ni za ufukweni na bafuni. Kwa anayejifunza ni pana mno na mkanda wa nyuma umelegea, kwa hiyo vidole hufanya kazi ya kukishika kiatu badala ya kuishika ardhi. Crocs zenyewe huandikwa herufi C kabla ya namba (C4, C5) kwa za watoto. Za kuiga huwa ngumu: bonyeza ukingo kwa ukucha, kama haubonyei achana nazo. Na mtoto aliyevaa kroksi abebwe kwenye ngazi za umeme, maana mpira laini hunaswa pembeni. Ndala zenye lastiki nyuma zisubiri afikishe kama miaka 3. Buti la "kushika kifundo" nalo liache: kifundo cha mtoto mwenye afya hakihitaji kushikwa, kinahitaji kufanya kazi.

Nairobi na Mombasa, duka la Bata lenye aina yao ya watoto ya Bubblegummers lina faida moja ambayo meza ya barabarani haina: unakaa, mtoto anajaribu, anazungukazunguka, unaamua bila kusukumwa.

Mitumba haina jibu la jumla. Huko ndiko viatu bora vilipo na ndiko viatu vibaya vilipo. Ukiokota Clarks (chapa ya Uingereza), soma maandishi: namba ni ya Uingereza, mara nyingi ikiwa na nusu (kama 4½), na herufi inayofuata (E, F, G, H) ni upana, H ikiwa pana kuliko zote hizo. Kwa mguu mnene tafuta G au H. Namba 4 ya Uingereza ya watoto ni kama 20 ya Ulaya, lakini tumia ukanda wako wa boksi. Kisha weka jozi mezani uitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande mmoja, kiatu kimeshachukua mwendo wa mtoto mwingine. Tazama na soli ya ndani: shimo la kidole gumba cha mwenzake likiwa limechimbika, kirudishe. Vilivyochakaa kidogo tu, na kwa usawa, ni mali.

Halafu kuna mtego mmoja wa mitumba ambao hunasa hata wazoefu. Kiatu kinaonekana kipya kabisa, soli nyepesi na laini, unanunua kwa furaha, wiki ya pili soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Hiyo ni soli ya poliyurethani. Huliwa taratibu na unyevu wa hewa hata ikiwa haivaliwi, na kiatu kilichokaa miaka kabatini kisha kikaletwa kwenye unyevu wa pwani huwa kimeshaoza ndani. Bonyeza soli kwa nguvu kwa ukucha ubavuni. Ikinata, ikibaki na shimo au ikitoa unga, acha. Soli ya mpira hasa hurudi palepale.

Kumzoesha

Siku ya kwanza ni dakika 5 hadi 10, akiwa ameshiba na hana usingizi. Mkalishe mapajani mgongo ukikuelekea, ili nyote wawili mtazame upande mmoja. Atakunja vidole, karibu wote hukunja. Usisukume. Mtekenye upande wa juu wa mguu au mnyooshee mguu kwa kushika nyuma ya goti, vidole vikifunguka ingiza, kisha bonyeza goti chini kisigino kikae. Pitisha kidole juu ya pua ya kiatu uhakikishe kidole kidogo hakijajificha.

Mara tu viatu vikiingia, tokeni nje. Mtoto anayevikwa viatu akaachwa sebuleni huona ni adhabu, anayevikwa akapelekwa kuona kuku atavileta mwenyewe kesho. Hatua za mwanzo zitakuwa za kuyumba kama aliyepanda mtumbwi. Mshike mkono mmoja, kwenye udongo tambarare, si kwenye vigae. Ongeza dakika siku hadi siku. Akivivua, mwache, umvike tena baadaye. Kukaza kamba kwa mafundo mawili ili asivue huishia kwenye alama mguuni na vita mlangoni. Soksi ziwe nyembamba za pamba, na ndizo alizovaa ulipompima. Soksi nene iliyoongezwa baadaye hula ile nafasi ya sentimita 1.2.

Katika umri wa mwaka 1 hadi 2 mguu huongezeka namba nzima ndani ya miezi michache tu. Kila baada ya wiki 6 hadi 8 toa soli ya ndani, msimamishe juu yake na utazame mbele ya kidole kirefu. Ikibaki chini ya nusu sentimita, ni wakati wa kingine. Soli isiyotoka, rudi kwenye karatasi na ukuta, kisha linganisha na mchoro wa zamani.