Nilimfuata Hendrix kwa ajili ya moto, rithim ndiyo iliyonikamata

Nianze kwa kukiri. Miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wanaomjua mpiga gitaa Jimi Hendrix kwa ile picha moja: amepiga magoti jukwaani kwenye tamasha la Monterey, Marekani, Juni 1967, gitaa linawaka mbele yake, na vidole anavichezesha hewani kama anayeubembeleza moto uinuke. Nilimheshimu kama unavyoheshimu mlima ambao huna mpango wowote wa kuupanda. Nyimbo zake nilizijua tatu, labda nne, na zote nilizisikia kwenye mkusanyiko wa bei ya kutupa ambao ulipachika rekodi za studio katikati ya rekodi za jukwaani bila mpangilio, na nyimbo nyingine zikakatwa kabla hazijaisha. Kwa ushahidi huo mtu ungesema jamaa alikuwa hodari wa kelele, basi.

Kilichonibadilisha ni uamuzi mdogo tu wa kusikiliza albamu zake tatu za studio kwa mfuatano, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Are You Experienced na Axis: Bold as Love ni za 1967, Electric Ladyland ni ya Oktoba 1968. Zote tatu zilitoka ndani ya muda usiofika miezi 18. Hilo peke yake lilinikalisha kitako, maana siku hizi msanii huchukua muda huohuo kutangaza kwamba yuko studio.

Kabla sijaendelea, tahadhari kwa mnunuzi. Nilianza safari hii na hedifoni ambazo upande wa kulia ulikuwa umekufa, na kwa kuwa nilizitumia zaidi kwa simu, sikujali. Wimbo wa kwanza wa Axis unaitwa EXP: maongezi ya kuchekesha, halafu gitaa linalonguruma likizunguka kutoka sikio hadi sikio. Mimi nililisikia likija na kupotea, likija na kupotea. Nikadhani nakala yangu ina kasoro. Wiki nzima nilikuwa namlaumu aliyeniuzia. Siku niliyoazima hedifoni nzima nilibaki nimeduwaa: kumbe kuna nusu ya kazi sikuwahi kuisikia. Hendrix na fundi wake wa sauti, Eddie Kramer, waliutumia upande wa kushoto na wa kulia kama mchoraji anavyoutumia ukuta. Ukisikiliza kwa spika moja ya simu, umenunua kanzu ukaondoka na mkono mmoja.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Ukiwakuta wapenzi wa Hendrix wamekaa, mazungumzo huwa ni solo, kile kipande gitaa linapoachiwa liongee peke yake. Solo ya wimbo huu, solo ya wimbo ule, nani leo angeweza kuipiga. Sina ugomvi na solo zake. Lakini mimi nilichonaswa nacho ni kile anachokipiga wakati anaimba. Sikiliza Little Wing, au The Wind Cries Mary, uiache sauti yake ikae pembeni, ufuate gitaa. Yule ni mpiga rithim, yaani wa kuusindikiza wimbo, na si rithim ya kuchapa mapigo manne na kusubiri zamu. Kila anapomaliza mstari wa maneno, vidole vinajibu kwa kijisauti kidogo cha gitaa, kama mtu wa pili anayeitikia hadithi: enhe, halafu? Besi, rithim na vionjo vya solo vinatoka mkono mmoja, kwa wakati mmoja, huku mdomo unaimba kitu kingine kabisa.

Ustadi huo haukushuka kama mvua. Kabla Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals, hajamchukua kumpeleka London mwaka 1966, Hendrix alikuwa mpiga gitaa wa kuajiriwa, akipiga nyuma ya wakubwa kama Little Richard na Isley Brothers. Kwenye bendi za namna hiyo mwenye jina ni mmoja, na wewe wa nyuma kazi yako ni kumpamba bila kumfunika. Ukimsikiliza mwimbaji na mpiga gitaa Curtis Mayfield, ambaye Hendrix alimpenda sana, utaona hasa zile nakshi laini za juu ya nyuzi zilipoanzia. Kwa hiyo huyu tunayemwita mfalme wa solo alisomea rithim kwanza, tena kwa njaa.

Mimi nacharaza gitaa kidogo, kidogo kweli, na nilijitia kujifunza mwanzo wa Little Wing. Tatizo la kwanza ni kidole gumba. Wengi wetu tumefundishwa kukificha nyuma ya shingo ya gitaa. Yeye, kwa mikono yake mirefu, alikipitisha juu ya shingo kikabonyeza uzi mnene na kushika besi, ili vidole vinne vilivyobaki viwe huru kurembesha. Nilijaribu. Gumba langu linafika kwenye uzi, ndiyo, lakini likifika huko vidole vingine vinakakamaa kama vya mtu anayening'inia dirishani. Baada ya miezi kadhaa naweza kupiga sehemu ya kwanza polepole, na haijafanana naye hata kwa bahati mbaya.

Halafu kuna suala la yeye kuwa mashoto. Alichukua gitaa la umeme aina ya Stratocaster la watu wa kulia, akaligeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya ili ule mnene ubaki juu. Watu husimulia kama kichekesho, lakini gitaa lenyewe hubadilika sauti. Kile kinasa sauti cha karibu na mwisho wa nyuzi kimewekwa mshazari. Ukiligeuza gitaa, mshazari nao unageuka, kwa hiyo nyuzi nene zinakuwa na sauti kali zaidi na nyembamba zinalainika kidogo. Ongeza kwamba mara nyingi alizilegeza nyuzi zote zishuke nusu toni, zikawa rahisi kuvuta na nzito masikioni. Nilipolijua hili ndipo nilipoacha kushangaa kwa nini rekodi zake zina unene ambao sikuupata kwa kununua pedali, vile vifaa vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa.

Pedali nimenunua, ndiyo. Ya wawa, ile inayolifanya gitaa liseme wa-wa kama mdomo unaofunguka na kufunga. Nilidhani nikikanyaga tu nitasikia Voodoo Child. Nikasikia bata.

Ambapo panatuleta kwenye wimbo huo. Kwanza msichanganye: kwenye Electric Ladyland kuna Voodoo Chile, wa dakika 15, wa kukesha, na wageni wawili: Steve Winwood yuko kwenye ogani na Jack Casady kwenye besi, na kuna Voodoo Child (Slight Return), uliorekodiwa siku iliyofuata na watatu wa kawaida, yeye, Noel Redding kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye ngoma. Huu wa pili ndio kila mtu anaujua. Angalieni unavyoanza. Hakuna noti. Ni nyuzi zilizozibwa kwa mkono zinakwaruzwa, chaka-chaka, na wawa inafungua na kufunga. Yaani wimbo ambao watu wengi watautaja ukiwauliza solo kali ya roki, unafunguliwa kwa rithim tupu isiyo na hata sauti moja ya muziki ndani yake! Mitchell anaingia taratibu kama anayekuja kuona ni nini kinachokwaruza. Hapo tayari nimeshainamisha kichwa.

All Along the Watchtower nayo inanisaidia hoja. Bob Dylan aliutunga na kuurekodi 1967 kwa utulivu, gitaa kavu na harmonika, dakika mbili na nusu hivi. Hendrix aliuanza London mapema 1968, mwanamuziki mwenzake Dave Mason akimsaidia kwa gitaa kavu la nyuzi 12, Redding akachoka kurudiarudia akatoka studio, na besi akaishika Hendrix mwenyewe. Solo ya katikati ina vyumba vinne. Cha kwanza anapiga kawaida, cha pili anatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi na mwangwi unamfuata, cha tatu wawa inaongea. Unasubiri cha nne kiwe kilele cha vidole. Badala yake anaacha solo kabisa na kuchapa rithim tu, na hapo ndipo nywele zinaposimama. Dylan mwenyewe baadaye alikuja kuupiga jukwaani kwa mtindo wa Hendrix, na mwenye shamba akikubali kupita njia uliyoifyeka wewe, sijui mtu atafute sifa gani nyingine.

Kuna mambo siyapendi, na nitayasema. Electric Ladyland ni ndefu. Inaanza kwa dakika moja na ushee ya kanda zilizochezewa kasi, sauti za mizimu, ambayo mara ya kwanza inasisimua na mara ya kumi unainuka kutafuta maji. Wimbo wa Redding, Little Miss Strange, ni kama mgeni aliyekosea nyumba. Wimbo uitwao 1983, ule wa kuzama baharini, una katikati inayonipoteza kabisa, ingawa rafiki yangu mmoja anasema hapo ndipo penye Hendrix wa kweli na kwamba mimi sina subira. Inawezekana. Mashairi yake pia si yote yaliyoiva. Kuna mahali anapanga rangi na sayari kama anayemwaga sanduku la vitu sakafuni. Na sauti yake hakuiamini mwenyewe, studio alipenda kuimba akiwa amezibwa na vikinga ili watu wasimwone. Mimi naipenda hiyo sauti. Haijitutumui. Inakuongelesha, na pengine ndiyo sababu gitaa likapata nafasi ya kuitikia.

Mtu akiniuliza rekodi ya kumpa asiyemjua kabisa, nitasema The Wind Cries Mary. Alitunga baada ya ugomvi na mpenzi wake uliotokana na mapishi, dada akatoka kwa hasira, jamaa akabaki na utulivu wa nyumba na kalamu. Bendi ilirekodi kwa haraka, mwisho wa siku ya kazi, karibu bila mazoezi. Hakuna kinachowaka mle. Ukiupenda, yanayobaki yatakuja yenyewe.

Na mtu akiwa ameshazoea, basi Machine Gun, kwenye albamu ya jukwaani Band of Gypsys, siku ya kwanza ya mwaka 1970, ukumbi wa Fillmore East, New York. Zaidi ya dakika 12. Hapa Billy Cox anaungurumisha besi na Buddy Miles anapiga ngoma kama risasi zinazohesabiwa. Hendrix alikuwa amepitia jeshini, kikosi cha kuruka kwa miavuli cha 101, na huko ndiko alikokutana na Cox. Anautoa wimbo kwa wanajeshi wanaopigana Vietnam, na pia kwa wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York, kisha gitaa linafanya helikopta, king'ora na mtu anayelia. Kuna noti moja anaishikilia mwanzo wa solo, ndefu mno, na ninapoisikia huwa naacha ninachokifanya. Huo sipigi nikiwa na wageni. Miezi minane na nusu baadaye, tarehe 18 Septemba, alifariki London akiwa na miaka 27.

Nyota, kwa mnaozitaka: Are You Experienced nne na nusu, Electric Ladyland nne, Band of Gypsys tano kwa wimbo mmoja na tatu kwa iliyobaki. Axis: Bold as Love tano, na sibishani.

Isipokuwa kwa kosa moja, kama ni kosa. Little Wing haifiki dakika mbili na nusu. Zile kengele ndogo zinazolia mle amezipiga mwenyewe, na kuna mahali gitaa limepitishwa kwenye spika ya kuzunguka, ile ya ogani, likawa linayumba kama lipo majini. Solo inaingia, inapanda, inaanza kusema kitu, na sauti inafifia. Wamemzima katikati ya sentensi. Kila mara mkono wangu unakwenda kwenye kitufe, naongeza sauti, naongeza tena, sikio limekaza kufuata noti ya mwisho inavyozama, mpaka nimefika mwisho wa kitufe. Halafu If 6 Was 9 inaanza kwa sauti hiyohiyo na kunipasua masikio, na jirani anagonga ukuta.